Unene wa Ukucha

Kwa jumla, jambo lile liligharimu magunia manne ya mchele, pembe moja ya nyumba, bega la kulia la mama mmoja, na kicheko cha watu wawili ambacho avenyu yetu yote ilikuwa inakisikia kila jioni. Nimehesabu mara mbili. Saruji sikuiweka kwenye hesabu, kwa sababu iliuzwa dukani kwangu, na mimi sijazoea kuita faida hasara.

Mwenye jambo lile nitamwita Prof tu. Uvira maprof, yaani walimu wa sekondari, ni wengi, kila shule ina wake wanaongoja mshahara, lakini ukisema Prof bila kuongeza neno, kuanzia Kavimvira mpaka Kalundu watu wanajua unamsema yule mzee mrefu wa shule ya ufundi, mwenye shati jeupe lililofungwa mpaka kifungo cha shingo hata wakati wa joto la mwezi wa tisa. Alitufundisha nguvu za vifaa: nini kinavunjika, kwa nini, na kabla hakijavunjika kinasemaje. Nilikaa darasani kwake miaka miwili, msichana peke yangu kati ya wavulana, kisha nikaacha shule nikaanza kuuza vyuma. Yeye alisema nimepoteza akili nzuri. Mimi nilisema nimeipeleka sokoni. Toka hapo akawa mteja wangu, na jirani, parseli yake, yaani kiwanja chake, na duka langu vinatazamana.

Kama mteja alikuwa balaa. Ukimtajia bei, analipa. Hakuna kulia, hakuna kugeuka kama anayeondoka, hakuna kuuliza afya ya watoto ili bei ilegee. Mara ya kwanza nilidhani ananidharau. Nikamfuata mpaka mlangoni.

"Prof, hata kidogo hauombi nipunguze?"

"Bei si umeisema weye mwenyewe?"

"Nimesema ili uikatae!"

"Basi sema ile ya kweli, nilipe ile."

Siku hiyo alinirudisha nyumbani na fedha nyingi na huzuni. Nilimpunguzia peke yangu toka siku ile, kwa hasira. Mtu anayelipa bei ya kwanza anakulazimisha kuwa mwaminifu, na ile ni kazi nzito kuliko kubeba vyuma.

Mke wake alikuwa kinyume chake kabisa. Mama Prof alikuwa mfanyabiashara wa mchele. Anapanda gari asubuhi mpaka Bwegera, ananunua kwa wakulima wa uwanda, anapima gunia kwa kulikumbatia, anarudi jioni juu ya mizigo yake akiimba. Yeye alinifundisha mambo ambayo shule haikuyajua. Kwa mfano, usiulize bei ya kitu unachokitaka. Uliza bei ya kitu kilicho kando yake. Akiingia dukani kutafuta misumari, anaanza kutukana rangi zangu. Tulikuwa tunapigana bei kama wanawake wanaotwanga kinu kimoja, mchi wangu ukishuka wake unapanda, na mwisho tunacheka wote wawili, kila mmoja akijua amemuibia mwenzake kidogo.

Watu walishangaa hawa wawili wanaishi vipi pamoja. Waliishi kwa kucheka. Jioni unawasikia: Prof anaeleza kitu polepole, kama mtu anayepanda ngazi, mama anakatiza kwa neno moja, kisha kicheko, cha kwake cha juu na cha mume wake cha chini kabisa, kwani kwenye kwaya ya parokia aliimba sauti ya nne.

Darasani hakucheka hivyo. Hapa ndipo mtu huyu alipokuwa hajipatanishi na nafsi yake. Somo lake kubwa, lile aliloling'ang'ania kila mwaka, lilikuwa kwamba kila kitu kinachopata moto kinahitaji nafasi. Chuma cha daraja, bomba la maji, reli, bati la paa: kiachie mahali pa kurefukia, ao kitapatafuta chenyewe. Lakini mwanafunzi aliyechelewa kidogo alikuta mlango umefungwa. Alama aliyokosa mtu kwa nukta moja aliikosa milele. Mvulana mmoja wa Kiringye, aliyekuwa amepanga mbali na anatembea kuja shuleni, alichelewa siku moja akasema ni mvua, kisha akamwambia mbele yetu wote: "Prof, chuma unakiachia nafasi, minye hapana?" "Chuma hakidanganyi juu ya mvua," Prof akasema, akafunga mlango. Kesho yake aliuacha wazi, lakini kwa siku ile moja tu.

Siku ya somo lenyewe aliazima mbabula ya mke wake, lile jiko dogo la makaa, akaibeba mwenyewe barabarani ikiwa inafuka moshi. Alichukua chuma chembamba, akakibana kati ya matofali mawili, na matofali akayabana kwa fremu ya zamani ya karakana ili yasitoke. Akakipasha. Tukangoja. Chuma kile kikaanza kupinda katikati, polepole, kama mtu anayeinama kusalimia mkwe.

"Kimefanya nini?"

"Kimepinda, Prof!"

"Juu ya nini?"

"Juu kiko dhaifu!" tukajibu, maana kwetu "juu" ndiyo "kwa sababu".

Akaweka kinene mahali pake. Hicho hakikupinda. Kilikaa kimenyooka juu ya makaa, tukakisifu, mpaka tofali likalia ta! na ufa ukapita katikati yake. Tulipiga makofi. Hapo Mama Prof akaonekana dirishani na mwiko mkononi.

"Prof! Maharagi yangu iko mbichi, na weye uko unachoma chuma!"

Darasa zima lilianguka kwa kicheko, na yeye mama kuliko wote. Prof alimkabidhi mbabula yake na makaa yake kwa heshima, kama askofu anayetoa msalaba. Alipogeuka kwetu akauliza: "Sasa. Kati ya kile kilichopinda na kile kilichosimama, nani ana nguvu?"

"Kilichosimama!"

"Sawa. Na mungekuwa nyinyi ndio ukuta, mungependa kubanana na nani?"

Nadhani hakuna aliyekuwa amewahi kufikiri kuwa ukuta unapenda kitu.

Kwenye ubao aliandika hesabu yake, ambayo sitairudia hapa, maana wasomaji wengine wana kazi. Kiini chake kilikuwa hiki. Chuma kilichozuiwa kurefuka hakinyamazi. Kinachukua ule urefu ulionyimwa na kuugeuza msukumo. Urefu wa chuma hauongezi shida: kirefu kinataka nafasi kubwa zaidi, lakini kina mita nyingi za kugawana mzigo huo, kila mita inabeba wake. Kinachoongeza ni joto, na unene. Ukiongeza unene wa chuma mara mbili, kinasukuma mara nne. Mimi nililikamata hili haraka kwa sababu ndivyo pia bei inavyokwenda: unene mara mbili, uzito mara nne, fedha mara nne. Kwa hiyo mtu analipa mara nne ili ukuta wake usukumwe mara nne. Sijawahi kumwambia mteja maneno hayo. Duka lina kodi.

Sasa, hapa kwetu chuma cha dirisha kinapimwa kwa kutikiswa. Mtu anayekuja kupanga nyumba, kabla ya kuuliza maji yanatoka wapi, anashika vyuma vya dirisha kwa mikono miwili na kuvitikisa. Vikilia, bei inashuka. Vikinyamaza, ndipo anauliza habari za choo. Wezi nao wanafanya vilevile, ila wao hawaulizi choo. Wanapita mchana, mmoja anajifanya anakuuliza njia, mkono wake uko dirishani, anatikisa kidogo. Chuma kinachocheza ni karatasi ya mwaliko. Kila mtoto wa Uvira anajua hivyo. Fundi anayeacha chuma kinacheza anaitwa mwizi wa saruji, na jina hilo halimwachi.

Nyumba ya Prof ilikuwa na madirisha mawili upande wa ziwa, na dirisha la pembeni ndilo la chumba cha mchele. Upande ule jua linaupata mapema, likitoka juu ya milima ya Burundi, linapiga ukuta mpaka saa sita kabla halijaanza kwenda nyuma yetu. Vyuma vyake vya kwanza vilikuwa vyembamba, vimepakwa rangi nyeusi, na asubuhi za kiangazi vilikuwa vinapinda tumbo nje, jioni vinarudi. Prof alivipenda. Alikuwa anasimama anaviangalia huku anakunywa chai. "Viko vinapumua," alikuwa anasema.

Mama Prof aliona kitu kingine. Aliona vyuma vilivyopinda.

"Kuna muntu anavijaribu," alisema.

"Ni jua, mama."

"Jua haliibi muchele."

Na kweli, magunia manne yalipoibwa, walipita pale pale. Walikuwa wameweka gogo kati ya vyuma viwili, wakavipanua. Ni wazi jua halikuhusika, na ni wazi vilevile kwamba baada ya siku hiyo hakuna mtu angeweza kumwambia mama yule habari za jua. Yale magunia manne yalikuwa mtaji wake. Nusu yake ilikuwa mchele wa mkopo kutoka kwa watu wa Bwegera, na alilipa kwa kuuza vitenge vyake vya harusi.

Wakaja dukani wote wawili. Naikumbuka siku hiyo kwa sababu mama hakutukana rangi zangu. Alinyoosha kidole moja kwa moja kwenye chuma kinene kuliko vyote nilivyokuwa navyo.

"Binti yangu, hii iko bei gani?"

Nikajua mambo ni mabaya. Nilimtajia. Hakuomba nipunguze hata kidogo. Walikuwa wamebadilishana tabia, kwani Prof ndiye aliyeanza kubishana, ila si na mimi.

"Mama, tuchukue hii, lakini upande mumoja tu tuujenge ndani ya ukuta. Upande wa pili tuuingize ndani ya kabomba, tuache nafasi kwa mwisho wake."

"Nafasi kadiri gani?"

Prof alinyanyua mkono, akaonyesha kidole gumba. "Unene wa ukucha."

"Ukucha?" Mama alitazama kile chuma, akatazama ule ukucha. "Ukuta wa matofali utaanguka juu ya ukucha?"

"Chuma ya namna hii haiinami. Ukiinyima ule ukucha, itasukuma ukuta."

"Isukume. Minye nataka kitu chenye kinasukuma."

"Mama, sikia..."

"Kama hiyo nafasi iko kidogo vile, basi uifunge. Na kama iko kubwa, mwizi ataiona. Niambie, iko kidogo ao iko kubwa?"

Prof alinitazama mimi, mwanafunzi wake wa zamani, kama mtu anayetafuta shahidi. Mimi nilikuwa napima vyuma.

Walipatana nusu. Fundi alijenga upande mmoja, na upande wa pili akaweka vibomba kama Prof alivyotaka, na nafasi ya ukucha. Usiku wa kwanza upepo wa ziwa ulipuliza na vyuma vikalia: ti, ti, ti. Asubuhi mama alikuwa na macho mekundu. Ya pili vilevile. Prof aliniambia baadaye kwamba usiku wa tatu alimkuta mke wake amekaa juu ya gunia na panga magotini, anasikiliza.

Basi Prof akaanza kununua saruji kwangu, kilo moja.

Mara ya kwanza sikuuliza. Kilo moja inaziba shimo la panya. Wiki iliyofuata alirudi, kilo moja. Na iliyofuata. Mimi nahesabu kila kitu mara mbili na hesabu hii haikunikalia vizuri. Nani anajenga kwa kilo moja kwa wiki? Hata kaburi halijengwi hivyo. Jumamosi moja jioni nikavuka barabara na kumkuta kwenye ngazi, dirisha la chumba cha mchele, mwiko wa fundi mkononi, shati jeupe limefungwa mpaka shingoni. Alikuwa anajaza ule mwanya kwenye vibomba, mmoja baada ya mwingine, kwa uangalifu kabisa.

"Prof. Si ulituambia..."

"Najua nilichowaambia."

"Na unajaza jioni. Wakati chuma kimepoa."

"Wakati kimekuwa kifupi kabisa. Ndiyo. Saa mbaya kuliko zote." Akaendelea kujaza. "Kesho jua litakipasha, kitasukuma ukuta, ukuta utasogea kidogo sana. Usiku kitarudi, mwanya utafunguka, kitalia. Na minye nitajaza tena. Kila nikijaza, nakipa chuma ukucha mupya wa kusukumia."

Alilisema kama alivyokuwa analisema ubaoni, bila haraka, kila hatua mahali pake. Nilisimama chini ya ngazi, nikaishika isisogee.

"Sasa juu ya nini unajaza?"

Alifikiri kidogo. Alikuwa na desturi ya kuheshimu swali, hata la mjinga.

"Juu usiku wa siku yenye najaza, mama analala," akasema.

Hapo hapo kwenye pembe ya nyumba, niliona ufa. Mwembamba, unapanda kwa ngazi za matofali, kutoka kona ya dirisha mpaka chini ya paa. Alikuwa ameuwekea alama za penseli na anajua urefu wake. Nilimwambia awaite watu washike ile pembe kwa miti. Alisema ataifanya likizo ikifika. Nilimuuliza kama mama anajua. Alisema mama ameuona, na yeye Prof alimwambia ni nyumba inakaa vizuri. Huyu ni mtu aliyemfungia mtoto wa Kiringye mlango, kwa sababu ukweli hauna huruma. Alimdanganya mke wake kwa ngazi na mwiko, kila Jumamosi, ili asikie kimya.

Nimewaza sana juu ya hilo. Wengine kwenye avenyu wanasema alikuwa mwoga mbele ya mke. Wanaosema hivyo hawajawahi kumpenda mtu anayeogopa usiku. Lakini mimi sisemi pia kwamba alifanya vizuri, kwa maana nilikuwepo siku matokeo yalipofika.

Ilikuwa kiangazi, karibu saa tano asubuhi. Prof alikuwa dukani kwangu, anataka kilo yake. Nilikuwa napima. Tulisikia sauti kama lori linamwaga mawe, na baadaye ukimya, na baada ya ukimya mwanamke mmoja anapiga kelele upande wa pili wa barabara. Prof hakukimbia mara moja. Aligeuka kwanza akatazama jua. Hiyo nimeiona kwa macho yangu. Alitazama jua, kisha akakimbia, na sikuwahi kujua mtu wa umri ule anaweza kukimbia vile.

Ile pembe ilikuwa imetoka yote. Dirisha lilibaki wazi kama mdomo, na vyuma vyangu vinene vimening'inia upande mmoja, vimenyooka kabisa, havina hata alama. Mama Prof alikuwa ameanika mchele kwenye turubai chini ya dirisha. Alikuwa ameinama kuugeuza. Tuliondoa matofali kwa mikono. Alikuwa anasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Musikanyage muchele. Musikanyage muchele."

Bega lilivunjika mahali pawili. Hospitalini nilikaa naye zamu, na nilikuwepo Prof alipoingia siku ya pili, bila kufunga kifungo cha shingo. Alikaa kando ya kitanda na kumweleza kila kitu: vyuma, jua, jioni, ukucha. Alimweleza mpaka habari ya zile alama za penseli. Mama alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, na hilo ndilo lililonitisha.

"Ulikuwa unajua," alisema.

"Nilikuwa najua."

"Minye sijasoma. Minye nilikuwa na woga. Muntu mwenye woga anasema mambo mingi." Alivuta shuka kwa mkono wa kushoto. "Weye ulikuwa unajua. Juu ya nini ulinisikiliza?"

Alipotoka hospitalini hakurudi kwa mume wake. Alikwenda Bwegera kwa kaka zake, karibu na mchele. Hakumtukana mahali popote. Mtu akimuuliza habari za Prof alikuwa anasema, "Ni mwanaume mwenye akili," na hakuna mtu alijua acheke ao anyamaze. Avenyu yetu jioni ikawa na redio tu.

Prof alijenga ile pembe upya. Hakufundisha tena, wengine wanasema alichoka, wengine kwamba shule ilimpumzisha. Alipojenga alifanya kila kitu kama alivyotufundisha: upande mmoja umefungwa, upande wa pili uko huru ndani ya kabomba. Miaka miwili sasa, na ukuta ule haujapata hata unywele wa ufa. Nimeuchunguza mwenyewe. Usiku, upepo ukipiga, vyuma vilikuwa vinalia, na mtu mmoja alilala ndani yake peke yake.

Jana alikuja dukani. Mnajua hali ya mji. Milio ile ya bunduki milimani ilikuwa imetulia siku chache, nusu ya maduka bado yamefungwa, mimi nilikuwa nimefungua nusu ya mlango, kwa kipimo cha mteja mwembamba. Aliingia akakaa juu ya mfuko wa saruji bila kuomba, kitu ambacho zamani asingefanya. Nywele zimekuwa nyeupe zote. Hakutaka kununua kitu.

"Mama alikuja," alisema.

"Hapa Uvira?"

"Jumapili. Kule uwandani si kuzuri. Batu wenye bunduki wanapita mumashamba, kaka zake wameanza kulala inje. Alikuja na mufuko wake mudogo. Alisema, niko narudi kwangu."

Nilifurahi kwa sauti. Alinyanyua mkono kunizuia.

"Nilikuwa nimetafuta dawa ya ile kelele. Nimekata mupira wa gurudumu, nimeuvingirisha ndani ya tubomba, vyuma havilii tena. Kimya kabisa. Nilifurahi vile weye unafurahi. Mama aliingia, akaangalia chumba. Akaenda kwa dirisha, akashika chuma na ule mukono wenye uko muzima." Prof alinyoosha mkono wake mwenyewe, akashika hewa, akaitikisa. "Hakikulia. Lakini mupira ulikubali kidogo. Alisikia kimekubali. Akaachilia, akachukua mufuko wake."

"Akarudi Bwegera?"

"Hajarudi bado. Iko kwa dada yake, kule Mulongwe. Amesema atangoja mpaka Jumapili hii. Nikifunga vile vyuma kwa simenti, pande zote mbili, anaingia. Nisipofunga, anarudi uwandani kwa kaka zake. Nilimuambia, mama, ukuta huu ndio ulikuvunja bega. Unajua alinijibu nini? 'Ukuta ulinivunja bega. Batu watanivunja nini?'"

Nilimwambia azibe dirisha lote kwa matofali. Alisema mchele utaoza kwa joto, na mama hawezi kukaa mahali asipoona nani anakuja. Nilimwambia arudishe vyembamba. Alinitazama tu, nikakumbuka gogo la wezi. Nilitaja jambo la tatu na la nne, kila moja alikuwa amelipitia kabla yangu na kulikuta halifai. Nje moto-teksi moja ilipita mbio, watu wawili wakageuza shingo kuona inakimbia nini, haikuwa inakimbia kitu.

"Akiniomba nifunge na nikafunga," alisema, "ni kama mwanzo. Atakuja kuniuliza tena, juu ya nini ulinisikiliza. Nikikataa, anakwenda kule kwenye risasi, na hakuna muntu wa kuniuliza kitu."

"Prof, kwa upande wa chuma, mimi nafikiri..."

"Hapana, mwanangu. Ya chuma minye niko najua. Jumapili ni kesho kutwa. Weye ni mwanamuke, na muliuziana naye miaka mingi, unajua namna anasikilizaka. Niambie: akisimama pale mulangoni na mufuko wake, minye nimuambie nini?"